Panya-fuko wa nchi kame afichua jinsi sikio la mwanadamu linavyojengwa

KATIKA nyika kame ya kaskazini na mashariki mwa Kenya, hasa mvua inapoufanya udongo kuwa laini, huchomoza vilima vidogo vilivyo na tundu kileleni, mithili ya milima ya volkano iliyopunguzwa ukubwa. Anayesimama kimya kando ya kimojawapo huenda akauona udongo ukirushwa nje kwa vishindo vifupi vifupi. Mrushaji mwenyewe hubaki chini.

Naye ni panya-fuko asiye na manyoya, mnyama mdogo mwenye ngozi ya waridi iliyokunjamana, meno yaliyotokeza nje ya midomo na macho yasiyozidi punje ya mtama. Makao yake ya asili ni nchi kame za Pembe ya Afrika, yaani Somalia, Ethiopia, Djibouti na ukanda wa Kenya ambamo Garissa imo. Mtaalamu Mjerumani Eduard Rüppell ndiye aliyemweleza kisayansi kwa mara ya kwanza, mwaka 1842.

Mnyama huyu amejizolea sifa nyingi katika maabara za dunia. Huishi zaidi ya miaka 30, ilhali panya wa kawaida wa ukubwa kama wake hafikishi hata mitano. Saratani humpata kwa nadra mno. Mwaka 1981 mtafiti Jennifer Jarvis, akitumia wanyama waliotolewa Kenya, aliushangaza ulimwengu alipoonyesha kwamba panya-fuko huyu huishi kama nyuki: malkia mmoja huzaa, na wengine karibu wote, ambao kwa wastani huwa 70 hadi 80, huwa ni watumishi.

Sifa moja haikuzungumzwa sana. Panya-fuko huyu husikia vibaya mno.

Ni jambo la ajabu, kwa kuwa ni mnyama msemaji. Ndani ya mashimo yake yenye giza totoro, milio haikatiki mchana wala usiku. Hata hivyo, vipimo vilivyochapishwa mwaka 1993 vilionyesha kwamba hata sauti ikiwa kubwa kiasi, hawezi kusikia mlio ulio juu ya takriban hertzi 12,800, ilhali panya wa nyumbani husikia hadi hertzi 80,000 na kuendelea. Sauti hafifu, hata zile za chini, humpita bila ya yeye kuwa na habari.

Sababu ilipatikana mwaka 2020, pale Sonja Pyott na wenzake kutoka vyuo na taasisi kadhaa walipochapisha utafiti wao katika jarida la Current Biology. Kasoro haiko kwenye kiwambo cha sikio wala kwenye ubongo. Iko kwenye vinywele vidogo sana vilivyo juu ya seli za kusikia, ambavyo havikupangika kama vinavyopangika kwa mamalia wengine. Ugunduzi huo unamhusu mzazi yeyote wa Garissa ambaye mtoto wake hageuki anapoitwa, kwa sababu mengi kati ya magonjwa ya uziwi wa kurithi kwa wanadamu huanzia mahali pale pale.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kuifuata sauti inapoingia sikioni. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo hukigonga kiwambo, nacho huusukuma mnyororo wa vifupa vitatu ambavyo maumbo yake yanafanana na nyundo, fuawe na kikuku cha mpanda farasi. Kifupa cha mwisho huupeleka mtikisiko ndani ya koklea, mfereji mwembamba uliojaa maji na kujikunja mara mbili na nusu kama gamba la konokono. Ukinyooshwa, mfereji huo una urefu wa takriban milimita 35 tu.

Ndani ya koklea, kuanzia mlangoni hadi kileleni, zimepangwa seli za vinywele. Katika kila sikio la mwanadamu zipo takriban 15,000. Idadi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na seli za kupokea mwanga zilizo katika jicho moja, ambazo ni zaidi ya milioni 100. Yaani maneno yote ambayo mtu atayasikia maishani, mwadhini alfajiri, kengele ya ngamia, sauti ya mama, hupitia kwenye seli ambazo idadi yake haizidi wakazi wa mji mdogo.

Seli hizo hukaa katika safu nne. Safu moja ya ndani ina seli zipatazo 3,500, na hizo ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Safu tatu za nje zina seli karibu 12,000, na kazi yake ni kukuza sauti hafifu kabla ya zile za ndani kuipokea. Seli za mlangoni mwa koklea hushughulikia sauti nyembamba; zile za kileleni hushughulikia sauti nzito.

Neno vinywele lisimpotoshe msomaji. Havina uhusiano wowote na nywele za kichwani wala kope. Kila kinywele ni kidole chembamba cha seli yenyewe, chenye unene usiofikia hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na ndani yake mmejazwa nyuzi za protini iitwayo aktini, zilizofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Ndiyo maana kinywele hicho hakipindi kama unywele wa kawaida. Husimama wima, kikagota kwenye kitako chake kikisukumwa.

Ujenzi wa mtambo huu huanza mapema mno, wakati ambapo mama huenda hata hajajua kwamba ni mjamzito. Mnamo juma la nne baada ya mimba kutungwa, ngozi ya kiinitete iliyo kando ya ubongo wa nyuma huwa imekwisha kunenepa, ikabonyea na kujifunga kuwa kifuko. Kifuko hicho ndicho kitakachokuwa sikio la ndani. Upande wake mmoja hurefuka na kujikunja kuwa koklea. Kufikia takriban juma la 10 hadi la 12, baadhi ya seli zilizo ndani yake huanza kuwa seli za vinywele, na kazi hiyo husonga kutoka mlangoni kuelekea kileleni.

Kwa nini seli hii na si ile? Hapo mwanzo seli zote hufanana na kila moja ina uwezo wa kuwa seli ya kusikia. Mwaka 1999 ilithibitishwa kwamba jeni iitwayo Atoh1 ndiyo inayotoa amri, kwani panya waliozaliwa bila jeni hiyo hawakuwa na hata seli moja ya vinywele. Seli ikishaipokea amri, huwazuia majirani zake wasiifuate, kwa njia ya ishara za kugusana ambazo wanasayansi huziita Notch. Majirani hao waliozuiwa huwa seli za kuegemeza. Matokeo yake ni sakafu iliyopangwa kama ubao wa drafti, seli ya kusikia kisha ya kuegemeza, bila ya seli mbili za kusikia kugusana.

Baada ya hapo huja jambo ambalo pengine ndilo zuri kuliko yote katika habari hii. Juu ya seli changa huwa kuna vijidole vingi vifupi vya urefu mmoja, kama zulia, na katikati yake hutokeza kinywele kimoja cha aina tofauti kiitwacho kinosilia. Hicho hakikai katikati. Husafiri polepole hadi ukingoni mwa seli, na popote kinapotua, huko ndiko seli itakakoelekea maisha yake yote.

Katika koklea iliyo sawa, kinosilia za seli zote hutua upande ule ule, upande wa nje wa mzingo. Seli elfu kumi na tano hujipanga mithili ya safu za waumini zilizoelekea kibla kimoja. Zipo protini maalumu zinazosimamia mwelekeo huo kwa kupashana habari kati ya seli na seli. Panya wa maabara walioharibiwa jeni moja ya kundi hilo, iitwayo Vangl2, walionekana seli zao zikiwa zote zipo na zina vinywele, lakini kila moja ikitazama upande wake.

Kinosilia ikishatua, vijidole vilivyo karibu nayo huanza kurefuka. Safu iliyo jirani nayo hurefuka zaidi, inayofuata kwa kiasi, ya tatu kidogo, hadi seli ikawa na kitu kinachofanana na ngazi ya vidato vitatu. Vijidole vya ziada humezwa na seli yenyewe. Mwishowe, katika koklea ya mamalia, kinosilia nayo hutoweka, kama fundi anayeondoa jukwaa la miti baada ya ukuta kukamilika.

Urefu wa kila kidato haukadiriwi kwa bahati. Ndani ya kinywele hutembea protini iitwayo miosini 15, kazi yake ikiwa ni kubeba protini nyingine hadi nchani, ambako ndiko nyuzi za aktini zinakoongezwa. Mchukuzi huyo akikosekana, shehena haifiki na vinywele hubaki vifupi.

Kisiwani Bali, Indonesia, kuna kijiji kiitwacho Bengkala ambako takriban watu 2 kati ya kila 100 huzaliwa viziwi. Watafiti waliotaka kujua sababu waliichunguza pia aina ya panya wa maabara ambaye ni kiziwi na huzunguka-zunguka kwa kukosa mizani. Mwaka 1998 walitangaza kwamba wanakijiji hao na panya huyo wana kasoro katika jeni ile ile, ya miosini 15. Seli za kusikia za panya huyo zilipotazamwa kwa hadubini, ngazi ilikuwapo, ila vidato vyake vilikuwa vimedumaa.

Ngazi peke yake hata hivyo haitoshi. Vinywele vya seli moja havina budi kufungwa pamoja. Wakati wa ujenzi hufungwa kwa nyuzi nyingi za kila upande. Baadaye nyingi huondolewa, na kati ya zinazobaki muhimu kuliko zote ni uzi mmoja mwembamba unaotoka kwenye ncha ya kinywele kifupi kwenda ubavuni mwa kirefu kilicho nyuma yake. Uzi huo ulielezwa na watafiti wa Uingereza mwaka 1984. Mwaka 2007 ilibainika kwamba umeundwa kwa protini mbili zilizoshikana kama mikono ya watu wawili: kadherini 23 kwa juu na protokadherini 15 kwa chini.

Uzi huo ndio unaofungua mlango wa kusikia. Sauti inapovisukuma vinywele kuelekea kidato kirefu, uzi hukazwa na kuvuta mlango mdogo ulio kwenye ncha ya kinywele kifupi. Chembe za potasiamu na kalsiamu zenye chaji ya umeme huingia, seli huamka, na ujumbe huelekea kwenye ubongo. Vinywele vikirudi upande wa pili, uzi hulegea na mlango hufungwa. Hayo yote hutendeka mamia au maelfu ya mara kwa sekunde moja, na sauti iliyo hafifu kabisa husikika hata pale vinywele vinaposogea kwa umbali unaokaribia upana wa atomu.

Sasa inaeleweka kwa nini umbo ni kila kitu katika seli hii. Ngazi ikiwa bapa, uzi hauna pa kuvuta. Ikielekea kombo, sauti huusukuma kwa ubavu na mlango haufunguki. Nyuzi zikiwa na kasoro, vinywele hutawanyika kama fito za ufagio uliokatika kamba.

Hali inayokaribia hiyo ndiyo iliyoonekana kwa panya-fuko wa nchi kame. Pyott na wenzake walipima seli za nje, zile za kukuza sauti. Seli hizo hufanya kazi yake kwa kurefuka na kufupika upesi upesi, kwa nguvu ya protini iitwayo prestini ambayo iligunduliwa mwaka 2000. Mtu angeweza kudhani kwamba prestini ilikuwa imeharibika. Haikuwa hivyo. Injini ilikuwa nzima, ila haikuwashwa, kwa sababu vinywele vilivyopaswa kuiamsha vilikuwa na umbo lisilo la kawaida.

Walipozichunguza jeni, walikuta mabadiliko katika protini sita zinazofunga kinywele kimoja na kingine. Baadhi ya mabadiliko hayo yanafanana na yale ambayo kwa wanadamu huleta upungufu wa kusikia. Kwa ushahidi huo walimtaja mnyama huyu na binamu yake wa kusini mwa Afrika, panya-fuko wa Damara, kuwa ndio mamalia pekee wanaojulikana ambao kwa maumbile hawana mfumo wa kukuza sauti katika sikio.

Msomaji anaweza kudhani basi kwamba huyu ni mnyama aliyelemaa. Watafiti hawakufikia uamuzi huo. Uchunguzi wao wa jinsi jeni hizo zilivyobadilika katika vizazi vingi ulionyesha dalili kwamba mabadiliko yalichaguliwa na maisha yenyewe ya chini ya ardhi. Katika mashimo, sauti nyembamba hazifiki mbali, na anayeishi amebanana na ndugu themanini wasionyamaza huenda hahitaji sikio linalokuza kila mnong'ono. Na anachokihitaji anakisikia vyema: mwaka 2021 watafiti waliokuwa Berlin walionyesha katika jarida la Science kwamba kila kundi la panya-fuko hawa lina lahaja yake ya milio, na mgeni hutambuliwa kwa lafudhi.

Mtoto wa mwanadamu hana mashimo ya kujificha. Kwake, kasoro ndogo katika protini zile zile humkatia njia ya lugha ya kusemwa tangu siku ya kwanza. Kasoro za jeni za kadherini 23 na protokadherini 15, mathalan, zinaweza kuleta ugonjwa uitwao Usher. Mwenye aina yake iliyo kali huzaliwa kiziwi. Huchelewa pia kutembea, kwa kuwa seli za mizani zilizo katika sikio la ndani nazo zina vinywele na nyuzi kama hizo. Kisha, kabla au wakati wa kubaleghe, huanza kupoteza uwezo wa kuona penye giza. Mzazi wa mtoto kiziwi ambaye ameanza kujikwaa jua likizama ana sababu nzuri ya kumpeleka kwa daktari wa macho mapema, kwani mtoto anayetegemea macho kwa mawasiliano ana mengi zaidi ya kupoteza.

Kasoro nyingi za aina hii hazijitokezi mpaka mtoto arithi nakala mbovu mbili, moja kwa baba na nyingine kwa mama. Mwenye nakala moja husikia vizuri na hana habari kwamba anayo. Wawili kama hao wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto kiziwi. Uwezekano wa wazazi wote wawili kubeba nakala ile ile huongezeka wanapokuwa na babu mmoja. Ndoa za binamu zinaruhusiwa katika dini ya Kiislamu na zipo katika baadhi ya jamii za eneo hilo, ilhali wengine, kama Waborana, hukataza kuoana ndani ya upande mmoja wa ukoo.

Jambo hili linataka kusemwa kwa uangalifu. Watoto walio wengi wa wazazi binamu huzaliwa wakisikia, na wazazi wasiohusiana kamwe nao huzaa viziwi. Familia ambayo tayari ina viziwi wawili au watatu ndiyo yenye haja ya ushauri wa daktari kabla ya posa nyingine ndani ya ukoo. Si laana, wala si jicho la mtu, na wala si kosa la mama, ambaye mara nyingi ndiye hubebeshwa lawama.

Ikumbukwe pia kwamba vipimo vya jeni vilivyotengenezwa kwa ajili ya Wazungu havitoshi hapa. Jeni iitwayo GJB2 ndiyo inayoongoza miongoni mwa visababishi vya uziwi wa kurithi Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliowahusu watoto viziwi wa Kenya na Sudan, uliyakuta mabadiliko yake kuwa machache.

Mbali na urithi, vinywele vilivyojengwa vyema vinaweza kubomolewa. Mama akipata rubela katika miezi ya kwanza ya ujauzito, virusi huweza kuishambulia koklea wakati ambapo ndiyo kwanza inajengwa. Kenya ilianza kutoa chanjo ya surua pamoja na rubela mwaka 2016. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria nayo huweza kuvuka kutoka ubongoni hadi sikio la ndani na kuua seli zake kwa siku chache. Chanjo dhidi ya bakteria wawili wanaoisababisha ziliingizwa nchini mwaka 2001 na mwaka 2011. Mtoto wa mfugaji anayehama na ambaye amekosa chanjo hizo hubaki wazi kwa maradhi hayo.

Kisha kuna dawa. Streptomaisini, sindano iliyoleta matumaini ya kwanza dhidi ya kifua kikuu katika miaka ya 1940, ilitumika Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Iko katika jamii moja na kanamaisini na jentamaisini, ambayo hadi leo hutumika kuokoa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu. Hakuna anayebisha kwamba zimeokoa maisha ya watu wasiohesabika. Lakini dawa hizi huingia katika seli ya kusikia kupitia mlango ule ule mdogo unaofunguliwa na uzi. Zikishaingia hazitoki upesi, na seli huanza kufa, zile za sauti nyembamba zikitangulia.

Wapo watu ambao hupata madhara hayo hata kwa kipimo kidogo, kwa sababu ya badiliko la jeni linalorithiwa kwa mama pekee. Mtu ambaye mama yake au mjomba wake alipoteza usikivu baada ya sindano za aina hiyo anapaswa kumwambia daktari kabla ya kuchomwa. Kwa kifua kikuu sugu, Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake mwaka 2018 na 2019, likaacha kupendekeza kanamaisini na kutanguliza vidonge vya kumeza.

Uzito wa haya yote unatokana na jambo moja. Seli ya vinywele ya mwanadamu ikifa haioti nyingine. Kuku anayeparura uani, na ndege kwa jumla, wao hupoteza seli hizo kwa kelele au dawa na baada ya majuma machache huwa wameota mpya. Hilo liligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Seli zao za kuegemeza hukumbuka jinsi ya kuwa seli za kusikia. Za mamalia huusahau uwezo huo mara tu baada ya ujenzi kukamilika, na maabara nyingi leo zinatafuta namna ya kuzikumbusha, aghalabu kwa kuirudisha ile amri ya Atoh1. Seli mpya zimepatikana kwa panya. Kuzifanya zijenge ngazi iliyo sawa na kuelekea upande sahihi ndiko kunakosumbua.

Habari njema zaidi ilitoka China Januari 2024. Watoto sita waliozaliwa viziwi kwa kasoro ya jeni ya otoferlini walitiwa nakala nzima ya jeni hiyo sikioni, na watano wakaanza kusikia. Ila yafaa ifahamike kwa nini ilikuwa rahisi kuanza na jeni hiyo. Otoferlini hufanya kazi chini ya seli, mahali inapokutana na mshipa wa fahamu. Vinywele vya watoto hao vilikuwa vimejengwa sawasawa tangu tumboni. Kwa mtoto ambaye ngazi yenyewe haikujengwa, au seli zimekwisha kufa, dawa ya namna hiyo haina mahali pa kushika.

Watoto wa aina hiyo wamekuwapo Kaskazini Mashariki siku zote, na eneo hilo limewapa jibu lake. Lugha ya ishara inayotumiwa na viziwi wa Somalia huelezwa kuwa na mizizi yake Wajir, ambako kiziwi aliyesomea shule ya viziwi ya Mumias, magharibi mwa Kenya, alirudi na kuanza kuwafundisha wengine. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyefanya kazi Wajir hadi miaka ya 1980, alianzisha baadaye shule ya viziwi huko Borama, Somaliland, kabla ya kuuawa mjini humo mwaka 2003. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na kuifanya mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge.

Ubongo wa mtoto, hata hivyo, hujifunza lugha kwa urahisi mno katika miaka ya kwanza, iwe ya sauti au ya mikono, na ndiyo maana wataalamu huhimiza mtoto apimwe kabla hajatimiza mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kufikia mwezi wa tatu, na msaada uanze kufikia mwezi wa sita. Anayezaliwa nyumbani, mbali na kituo cha afya, si rahisi afikiwe na ratiba hiyo, na kutoka Garissa hadi Nairobi ni mwendo wa kilomita zipatazo 370.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Mwaka 1978 mtafiti David Kemp wa London aligundua kwamba sikio zima, likipelekewa sauti, hutoa mwangwi wake mdogo, unaotokana na zile seli za nje zinaporefuka na kufupika. Kijibomba laini chenye kipaza sauti huwekwa sikioni mwa mtoto akiwa amelala, na baada ya dakika chache mashine huonyesha kama mwangwi upo au haupo. Mwangwi usiposikika, mtoto hupimwa tena, kwa kuwa hata maji ya uzazi yaliyobaki sikioni huweza kuuzuia.

Kwa kipimo cha aina hiyo hiyo ndipo watafiti waliposikiliza masikio ya panya-fuko wa nchi kame na kukuta kimya.